Mshale Ulipolala Upande wa Baridi

Baba zangu na mama zangu, na ninyi wenzangu mlioketi kule nyuma karibu na mlango, leo nimekuja na mfano wa gari. Najua wengi wetu hapa hatuna gari. Haidhuru. Kila mmoja wetu ana kitu ndani ya kifua kinachopata moto, kwa hiyo nisikilizeni.

Palikuwa na mzee mmoja katika milima ya Upare. Tumwite Mzee Kiondo, ili tusipoteane njiani. Mkewe alikuwa amefariki miezi michache kabla ya mambo haya, wakati wa mvua za vuli, na watoto wao wawili wa kiume walikuwa mbali, mmoja mgodini, mwingine kwenye mashamba ya miwa. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima. Ukisimama uani kwake unaliona bati la kanisa kule chini, dogo kama kipande cha kioo, lakini kulifikia kwa miguu ni mwendo wa saa mbili. Na goti la kulia la mzee huyu lilikuwa limeharibika siku nyingi. Kupanda aliweza kwa shida. Kushuka hakuweza kabisa.

Kwa hiyo kilichomfikisha kwa watu kilikuwa kimoja tu, gari lake. Lilikuwa gari dogo la zamani, la rangi ya maziwa, alilolinunua pamoja na mkewe enzi zile alipokuwa karani wa ushirika wa kahawa. Alhamisi lilimpeleka kwenye jumuiya, sala za majirani zinazozunguka nyumba kwa nyumba, Jumamosi lilimpeleka sokoni, na Jumapili lilimpeleka kanisani, akimpitia njiani Bibi Nambua, ajuza wa miaka themanini na kitu aliyekaa chini kidogo ya kwake. Nataka mlielewe jambo hili kabla hatujaendelea. Gari lile lingekufa, watu wote wangekufa kwake siku hiyo hiyo, ingawa ni wazima.

Kila alipoingia garini, Mzee Kiondo alikaa kidogo kabla ya kuwasha, kama mtu anayesubiri mlango wa upande wa pili ufungwe. Kisha alikumbuka, akawasha.

Kule kwenye jumuiya, ulipofika wakati wa kutaja maombi, yeye alikuwa na ombi moja. Alisimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Niombeeni. Nyumba imekuwa kubwa." Wiki za kwanza watu walilia naye. Mwezi wa pili walimwombea. Mwezi wa nne alipotamka neno "nyumba" tu, watu walikuwa wameshaanza kutazama viatu vyao. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Nateri, mama mchangamfu asiye na ubaya hata chembe, akamwambia, "Baba, nyumba ikiwa kubwa si unaipunguza? Pangisha chumba kwa mwalimu mgeni, akupigie kelele kidogo."

Watu wakacheka. Mzee Kiondo naye alicheka. Ulikuwa utani, na kwetu utani si dhambi. Lakini Alhamisi iliyofuata, zamu ya kutaja maombi ilipomfikia, alisema, "Sina ombi leo. Nipo salama."

Ikafika zamu yake ya kupokea jumuiya nyumbani. Siku moja kabla, Mama Nateri alimpigia simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuletea habari njema. Zamu yako tumeamua tuiruke. Kule juu ni mbali, na huna mtu wa kukuchemshia chai. Wewe pumzika tu."

Yule mzee alikuwa amesimama jikoni. Mbele yake mezani palikuwa na vikombe kumi na viwili, ameshaviosha, amevifunika kwa kitambaa cheupe.

"Asanteni," akasema.

Nani atamlaumu Mama Nateri? Alikusudia wema. Mimi nawauliza tu, ndugu zangu: umewahi kumpumzisha mtu hata ukamwondoa?

Sasa, katika miezi ile ile, gari nalo likaanza kusumbua. Wasiojua gari niwaeleze kidogo. Injini hupozwa kwa maji. Maji huzunguka ndani yake, hubeba joto, hupelekwa mbele kwenye rejeta yakapoe, halafu hurudi. Mbele ya dereva kuna geji yenye mshale. Mshale ukiwa chini, injini ni baridi. Ukipanda hadi kwenye alama nyekundu, simama haraka. Lakini mshale hauna akili yake. Unaambiwa na kidude kidogo cha shaba kilichochomekwa kwenye injini, kichwa chake kimezama majini. Mafundi hukiita sensa.

Mshale wa Mzee Kiondo ukaanza kupanda kila alipokuwa anarudi kwake mlimani. Akaenda kwa Fundi Hatibu, aliyekuwa na gereji ya bati kwenye kona ya barabara, karibu na msikiti. Na niwaambie ukweli, mzee alipenda kwenda pale. Fundi Hatibu alikuwa na tabia moja. Alipokuuliza "Inasumbua nini?" aliweka spana chini, akakutazama, akasubiri hadi umalize kujibu.

"Hatibu," mzee akasema, "hii sensa ni mbovu. Kata waya wake tu. Kuna mwenzangu kule ng'ambo alikatiwa waya, mshale wake haujapanda tena."

"Na gari lake liko wapi sasa?"

"Lipo uani kwake."

"Linatembea?"

Mzee akajikuna shingo. "Kuku wanatagia humo."

Fundi hakucheka. Alisubiri injini ipoe, akaifungua sensa, akaitumbukiza kwenye birika lililokuwa jikoni likianza kupata moto, akaunganisha nyaya zake na mita ndogo ya umeme. Namba kwenye mita zikaanza kubadilika, polepole kwanza, kisha haraka kadiri maji yalivyokaribia kuchemka.

"Unaona, mzee wangu? Maji yakipata moto, naye anasema moto. Huyu shahidi ni mkweli. Ukimkata ulimi, moto hautazimika."

Akaitoa themostati, ule mlango mdogo unaofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenda kupoa. Akaitia kwenye birika hilo hilo. Maji yalichemka yakarusha mfuniko, mlango haukufunguka. Akaweka nyingine. Wakaenda kulijaribu gari mlimani, wawili, na mzee akafurahi kuwa na mtu kwenye kile kiti cha upande wa pili. Mshale ukapanda tena. Wakarudi. Fundi akaipima feni, ikazunguka vizuri. Akalala chini ya gari na tochi, akamulika huku na huku.

"Mzee, huwa unaongeza maji?"

"Kila asubuhi. Ya mfereji."

"Kiasi gani?"

"Kidumu kimoja hivi. Wakati mwingine na nusu."

Fundi akatoka chini ya gari, vumbi kwenye nywele. "Kidumu kizima kila siku, na hukuniambia?"

"Sikuona kama ni neno. Nilikuwa nikilipa maji, linakunywa."

"Halinywi, linavuja. Pampu ya maji imechoka, inatoa jasho. Nimeona alama nyeupe chini yake, kama chumvi iliyokauka. Nitaagiza nyingine Moshi, itafika Jumatano. Mpaka hapo usilitembeze. Na kama ni lazima, kila unapotaka kuliwasha fungua mfuniko wa rejeta likiwa la baridi, utazame maji kwa macho yako. Mshale usiutazame."

"Si umesema ni mkweli?"

"Ni mkweli akiwa majini," akasema fundi, akaenda kunawa mikono, maana adhana ilikuwa imeanza.

Siku tatu zilizobaki kabla ya Jumapili Mzee Kiondo alimpigia fundi simu kila siku. Leo maji yamepungua vidole viwili. Leo yamepungua vitatu. Leo nimesikia mlio kama wa panya. Fundi alipokea kila mara. Nadhani mzee angeweza kuzisubiri habari hizo zifike Jumatano, lakini akijinyima simu angezungumza na nani?

Jumapili ikafika. Asubuhi alitazama maji kwa macho yake kama alivyoagizwa, akajaza, akateremka na Bibi Nambua hadi kanisani. Kuteremka hakuna taabu. Ibada ilipokwisha mvua ilikuwa inanyesha, na Bibi Nambua alikuwa anatetemeka ndani ya kitenge chake. Mzee akaona aibu kumsimamisha ajuza mvuani huku yeye anainamia boneti. Hakufungua mfuniko. Akawasha, wakaanza kupanda.

Kwenye kona ya tatu mshale ulikuwa umepita nusu. Kwenye kona ya mikaratusi ulikuwa unakaribia nyekundu. Mzee aliushika usukani kwa nguvu, akaomba kimoyomoyo. Bwana, si leo. Nitatokaje kule juu? Bwana, niachie hili tu.

Na hapo hapo, ndugu zangu, mshale ukatingisika, ukaanza kushuka. Ukashuka nusu, ukashuka robo, ukalala chini kabisa upande wa baridi, kana kwamba gari lilikuwa halijawashwa.

"Asante, Bwana," mzee akasema kwa sauti.

Bibi Nambua akanusa. "Baba, mbona nasikia harufu ya chungu kilichosahaulika motoni?"

"Ni watu wanachoma majani, bibi."

"Kwenye mvua hii?"

"Tazama mwenyewe. Mshale umelala. Mungu ametusikia, gari limepoa."

"Mimi mishale siijui," akasema ajuza. "Harufu nazijua."

Lakini mzee alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasikii harufu. Akakanyaga mafuta. Hawakufika hata mita mia mbili. Injini ikatoa mlio kama kokoto kwenye sufuria, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Gari likaanza kurudi nyuma. Mzee akavuta breki ya mkono, akashuka na goti lake bovu, akatia jiwe nyuma ya tairi. Kisha akampigia fundi simu.

Fundi Hatibu alikuja kwa pikipiki, koti la mvua limemganda mwilini. Alisubiri sana kabla ya kugusa chochote. Alipofungua mfuniko, akaingiza kijiti kirefu. Kikatoka kikavu.

"Haiwezekani," mzee akasema. "Mshale ulishuka, Hatibu. Ulishuka mbele ya macho yangu. Bibi huyu ni shahidi."

"Ndiyo, ulishuka," fundi akajibu kwa upole. "Sensa huonja maji, mzee wangu. Maji yakiwa na moto, inasema moto. Yakiisha yote, inabaki inaning'inia hewani, haina cha kuonja, na mshale unashuka upande wa baridi. Ulipouona unapanda, gari lilikuwa bado linakulalamikia. Ulipouona umelala, maji yalikuwa yamekwisha."

Mzee akaegemea ubavu wa gari lake. Fundi naye akainama, akaongea akiitazama injini.

"Injini imenoki, imekufa. Hedi, kichwa chake, imepinda na pistoni zimeng'ang'ania. Hii si kazi ya pampu tena. Inahitaji injini nyingine, na hiyo si habari ya leo wala ya mwaka huu. Nisamehe, baba."

Basi gari likavutwa hadi gereji, Bibi Nambua akafikishwa kwake kwanza, kisha Mzee Kiondo akapandishwa kwake kwa pikipiki, amemshika fundi kiunoni kama mtoto.

Jumapili ya kwanza kanisani watu walisema, "Mzee hakuja, gari lake limekufa, pole yake." Bibi Nambua alikuwa amepata lifti kwenye pikapu ya mwalimu mkuu. Jumapili ya pili watu walisema, "Mzee anapumzika." Jumapili ya tatu hakuna aliyesema neno. Mama Nateri alikuwa amempigia mara moja.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo."

"Unahitaji kitu?"

"Hapana, nipo salama."

"Mungu akubariki."

Kisha akawaambia wenzake kwenye jumuiya, "Nimeongea na mzee. Amepoa sana siku hizi. Mungu amemfariji kweli." Watu wakasema amina.

Na yeye kule juu? Jumapili alitoa kiti uani, akavaa koti lake la ibada, akageukia upande wa lile bati. Upepo ukivuma kutoka chini alipata vipande vya wimbo, mstari mmoja halafu ukimya, halafu mstari wa tatu. Alijaribu kuimba nao, lakini aliwafikia kila mara wakiwa wamekwisha kumaliza. Siku za katikati ya wiki aliacha kuwasha moto. Kinywa kimoja, alijiambia, kinahitaji moto wa nini? Alikula ndizi mbivu, akanywa maji. Siku moja jogoo wa jirani alipotea hadi uani kwake, akataka kumfukuza, na sauti ikakataa kutoka. Akakohoa, akajaribu tena. Akagundua hajui ni lini aliitumia mara ya mwisho.

Wiki ya nne, mchana, Fundi Hatibu akapanda mlima kwa miguu, maana pikipiki ilikuwa imekwama kwenye tope.

"Hodi hapa."

"Karibu." Mzee alisimama mlangoni akishika kizingiti. "Gari limepata mnunuzi?"

"Sikuja kwa ajili ya gari."

"Umekuja kwa ajili ya nini, basi?"

"Umenyamaza," fundi akasema. "Ulikuwa unanipigia kila siku. Mzee huyu na panya wake, nilikuwa nawaambia vijana wangu, leo atasikia mlio gani? Sasa wiki tatu simu yangu haiiti. Nikasema, ngoja nikaone. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Unaendeleaje?"

"Salama kabisa."

 Fundi alipita moja kwa moja hadi jikoni, akachuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya mafiga. Kisha akakizamisha kwenye majivu hadi chini, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Akakitoa, akasugua majivu kwa vidole.

"Yamelowa unyevu haya," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu..." Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Nilidhani Jumatatu."

Fundi hakumhubiria. Alitafuta kuni kavu, akawasha moto, akachemsha chai, wakanywa. Alimweleza habari za gari la daktari mmoja lililoletwa na paka ndani ya boneti. Wakati wa sala ulipofika akaomba maji na mahali safi, akasali pale pale sebuleni, na mzee akazima redio kwa heshima, ingawa redio yenyewe haikuwa na betri. Wakacheka wote wawili. Kisha fundi akateremka, na hakwenda gereji. Alikwenda kwa Mama Nateri.

Alimkuta anapepeta maharage.

"Mama, mzee wenu wa kule juu hali yake si nzuri."

"Mzee Kiondo? Aa, yule hana shida, fundi. Zamani ndiyo alisumbuka. Siku hizi amepoa."

"Hata gari lake lilipoa, mama," fundi akasema. "Na mimi ndiye niliyelifungua."

Ungo ukatulia mikononi mwa Mama Nateri. Alikuwa amesikia kisa cha ule mshale, maana Bibi Nambua alikuwa amekisimulia kila mlango. Akaweka ungo chini, akaingia ndani mbio, akatoka na kitabu cha nyimbo na Biblia na shuka jipya, na tayari alikuwa anataja mistari atakayomsomea.

"Nenda, mama, lakini taratibu," fundi akamwambia. "Injini iliyokauka haimwagiwi maji ya baridi pale pale. Inapasuka. Kwanza kaa nayo."

Mama Nateri akampitia Bibi Nambua, wakakodi pikipiki mbili, wakapanda. Walimkuta mzee kando ya moto alioachiwa. Wakamwamkia, akasema yu salama. Wakakaa. Mama Nateri, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, aliyashika kwa meno. Aliuliza tena baada ya muda, na mzee akasema tena yu salama. Wakakaa. Kuni zikaungua, zikaongezwa. Bibi Nambua akasinzia akaamka. Na jua lilipokuwa linaegemea mlima wa pili, bila kuulizwa, Mzee Kiondo akasema, "Nimesahau sauti yake."

Mama Nateri akatia ukuni motoni.

"Sura ya marehemu ninayo. Sauti imepotea. Nilitaka nimwambie mtu, nikaona ni jambo la kijinga, mtu anapandaje mlima kuja kusikia hilo?"

Mama Nateri hakuwa na mstari wa jambo hilo. Aliinama akalia, na mzee alipomwona analia, naye akalia, kilio kikubwa cha mtu mzima, cha moto kabisa. Bibi Nambua akatikisa kichwa chake cha mvi akasema, "Haya. Sasa nasikia harufu ya mtu aliye hai."

Ndugu zangu, mfano wenyewe ndio huo. Sasa nigeuke kwetu sisi.

Sisi tunaogopa sana mshale unapopanda. Mtu akilia kila Alhamisi, tunachoka naye. Mama akilalamika kuhusu mwanawe kila anapofungua kinywa, tunambadilishia mazungumzo. Kijana akija ana hasira mlangoni mwa kanisa, tunaomba hasira yake ishuke. Kisha siku moja inashuka. Yule aliyelia ananyamaza, aliyelalamika anasema salama, mwenye hasira anakaa kimya kwenye benchi la mwisho, au haji. Na sisi tunafanya nini? Tunamshukuru Mungu. Tunasema amina. Tunakanyaga mafuta.

Nani alitufundisha kwamba kimya ni amani? Mtu anayelalamika bado ana maji ndani yake. Bado anatarajia kwamba yupo atakayesikia. Mwogopee yule ambaye jana alikuwa anachemka na leo ni baridi, na hakuna aliyekwenda kwake katikati ya jana na leo.

Na jambo jingine linaniuma, nitalisema ingawa mimi ni mdogo mbele yenu. Wa kwanza kupanda mlima hakuwa wa jumuiya yetu. Hana jina kwenye daftari letu, na haelekei tunakoelekea tukisali. Alipanda kwa sababu kazi yake imemfundisha kutoamini mshale mpaka ameingiza mkono. Sisi kazi yetu imetufundisha nini? Hapo mlangoni, leo asubuhi, tumesalimiana wote. Hujambo, sijambo, habari, nzuri. Wangapi tuliisubiri ile "nzuri" tuone imetoka wapi? Wangapi tulikuwa tumekwisha kuushika mkono wa mtu anayefuata?

Tena nawaomba, tutakapokwenda, tusiende na ndoo ya maji ya baridi. Maneno mazuri tunayo mengi, na yatapata saa yake. Kwanza kukaa. Kuni ziungue, ziongezwe.

Sitaki mniitikie amina. Amina tumeshaisema sana juu ya watu walionyamaza. Nataka kila mmoja wetu afumbe macho sasa, atafute jina moja. Si la mgonjwa tunayemtaja kila wiki, huyo tunamjua. Jina la mtu aliyekuwa anatusumbua, akaacha. Umelipata? Basi usile chakula cha mchana kabla hujapiga hodi mlangoni kwake.